Nina tatizo la tezi na nameza dawa kila siku, mbona uzito haushuki?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 39 na watoto watatu. Miaka miwili iliyopita niliambiwa tezi yangu ya shingo haitengenezi homoni za kutosha, nikaanzishiwa levothairoksini. Sasa nameza mikrogramu 75. Nilikuwa na kilo 68, leo nina 83, na urefu wangu ni sentimita 160. Dawa namezea chai ya maziwa asubuhi, pamoja na vidonge vya damu ili nisisahau. Kipimo cha mwisho cha TSH, miezi minane iliyopita, kilikuwa 11.2. Nimeacha ugali na wali, nimeacha kabichi na sukuma wiki kwa kuwa niliambiwa vinaharibu tezi, na mchana nashinda na chai tu. Bado sipungui. Jirani ananishauri nimeze vidonge viwili badala ya kimoja, na mwingine ananiuzia chai ya kupunguza mwili. Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Je, mtu mwenye tezi anaweza kupungua kweli, au nikubali tu hali yangu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kupungua unaweza. Ila kabla hatujaigusa sahani yako, tuanze na hicho kikombe cha asubuhi, maana hapo ndipo mambo yako yalipokwama. Kwa maelezo uliyonipa, una miaka miwili unanunua dawa na kuimeza kwa uaminifu, lakini sehemu yake kubwa huenda haiingii kwenye damu kabisa.

Levothairoksini ina masharti. Madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye maziwa huishika dawa humo humo tumboni, na madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu huishika vilevile. Vikishashikana, utumbo hauwezi kuifyonza vizuri, na kiasi kikubwa hutoka na choo. Wewe kila asubuhi unaikutanisha dawa na vyote viwili, tena kwa nia njema ya kutosahau. TSH yako inaonyesha matokeo. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni za tezi zikipungua mwilini, TSH hupanda. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa kiwango cha kawaida. 11.2 kwa mtu aliye kwenye dawa maana yake ni kwamba dozi haitoshi au dawa haifiki. Kwako naona sababu ya wazi ya kutofika, kwa hiyo tuirekebishe hiyo kwanza.

Kesho ukiamka, kabla hujatia chochote kinywani, meza kidonge kwa maji matupu, bilauri nzima. Kisha subiri nusu saa hadi saa moja. Oga, swali, fagia, wavalishe watoto, halafu ndipo unywe chai yako. Kahawa nayo isubiri muda huo huo, kwa sababu hupunguza ufyonzwaji hata ikiwa ya rangi tupu. Vidonge vya damu vihamishie jioni, angalau saa nne mbali na dawa ya tezi, na vivyo hivyo kwa vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia za kutafuna au za maji. Kama unatumia omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo, mwambie daktari wako, maana tumbo likikosa asidi ya kutosha dawa ya tezi hufyonzwa kwa shida.

Asubuhi ikikushinda, unaweza kumeza usiku unapolala, mradi yamepita saa tatu au zaidi tangu ulipokula mara ya mwisho. Kama unafunga Ramadhani, meza wakati wa kulala kwa sharti hilo hilo, au amka mapema umeze nusu saa hadi saa moja kabla ya daku. La muhimu ni kuchagua wakati mmoja na kuushika.

Neno dogo kuhusu kutunza dawa, kwa sababu najua joto la Tanga. Levothairoksini huharibika kwa joto, mwanga na unyevu. Usiiweke dirishani karibu na cherehani, wala jikoni, wala kwenye mkoba unaoshinda juani. Iache kwenye pakiti yake, kabatini, mahali pakavu na penye ubaridi kuliko pengine pote nyumbani.

Ukishaanza hivyo, mpigie au mwone daktari anayekuhudumia, mweleze kwamba umebadilisha namna ya kumeza, na mpange kipimo cha TSH baada ya wiki sita hadi nane. Usiharakishe. Dawa hii huchukua takriban siku saba kupungua kwa nusu mwilini, ndiyo maana huhitaji wiki sita hivi kutulia katika damu, na kipimo cha kabla ya hapo kinaweza kuwapotosha. Na kama unameza vidonge vya kukuza nywele au kucha, angalia kama vina bayotini. Bayotini huvuruga baadhi ya vipimo vya tezi, ikaonekana kama una homoni nyingi wakati unazo chache. Iache siku mbili au zaidi kabla ya kutoa damu.

Sasa ushauri wa jirani yako. Naomba usiufuate, na nakuomba kwa moyo wote. Homoni ya tezi imewahi kutumika sana kama dawa ya kukondesha, na watu wakaumia. Huko Marekani maelezo rasmi ya dawa hizi yameonya kwamba zisitumiwe kutibu unene. Ukizidisha dozi moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hupotea. Ukiendelea, mapigo ya moyo yanaweza kupoteza mpangilio, na damu ikaganda moyoni na kwenda kuleta kiharusi. Mifupa nayo hupungua uimara. Hata uzito utakaouona umeshuka, sehemu yake ni misuli, na misuli ndiyo unayoihitaji kuliko kitu chochote katika safari hii. Isitoshe, wewe ukianza tu kumeza ipasavyo, dawa itakayoingia mwilini itaongezeka yenyewe. Ukianza na vidonge viwili siku hiyo hiyo, utakuwa umejirukisha kutoka upungufu hadi uzidifu.

Tuje kwenye kilo zenyewe. Umeongezeka 15. Ni vizuri ujue tezi inahusika na ngapi kati ya hizo, kwa sababu watu wengi huitupia tezi lawama zote na wengine hukataa kwamba inahusika hata kidogo, na pande zote mbili zinakukosea. Chama cha Thairoidi cha Marekani husema kwa kawaida upungufu wa homoni hizi huongeza ratili 5 hadi 10, yaani kati ya kilo 2 na 5 hivi, kutegemea ukali wa upungufu. Na nyingi ya hizo si mafuta. Ni chumvi na maji yanayobaki chini ya ngozi. Ndiyo ule uvimbe wa uso na kope unaouona asubuhi, na pete isiyovulika. Homoni zikirudi sawa, maji hayo huondoka yenyewe katika wiki na miezi ya mwanzo. Yakishaondoka, usitarajie dawa ikupunguze zaidi ya hapo.

Zile kilo nyingine kumi na kitu zina sababu zake. Moja ni uchovu wenyewe. Mtu aliyepungukiwa homoni husikia mwili mzito, misuli inauma, anapanda ngazi kwa shida, basi anatembea kidogo na kukaa zaidi bila kujua. Kazi yako nayo ni ya kukaa. Ya pili ni hiyo sindano ya miezi mitatu. Ni njia nzuri ya uzazi wa mpango na huwafaa wengi, lakini imejulikana kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Kama kilo zilianza kupanda baada ya kuianza, zungumza na muuguzi wa kliniki kuhusu kitanzi au njia nyingine. Usiiache ghafla bila mbadala. Mimba ikiingia huku TSH iko 11 ni hatari kwako na kwa mtoto, na wajawazito wengi wenye tatizo lako huhitaji kuongezewa dozi mapema sana. Ukikosa hedhi au ukipima ukajikuta una mimba, nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni namna unavyokula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua yako imenionyesha mtu anayejinyima sana na bado anakula kingi. Umeacha ugali na wali. Unashinda na chai. Hukuniambia usiku unakula nini, ila mtu aliyeshinda na chai akija kukaa kwenye sinia saa mbili usiku, mkono wake hauna breki. Tazama hiyo chai pia. Ukinywa vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, hiyo ni gramu 50 za sukari hivi, karibu kalori 200, kabla hujahesabu maziwa wala kitumbua kilicholetwa na mteja. Na njaa hujaituliza.

Sikiliza, dada yangu, wanga hauna ugomvi na tezi. Rudisha ugali wako mchana, kipande cha ukubwa wa ngumi yako, ule na samaki au maharage na mboga nyingi. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina nyuzinyuzi, na wenye tezi iliyolegea husumbuliwa na choo kigumu. Ila ujue kwamba kalori za dona na sembe ni karibu sawa, kwa hiyo kipimo ni kile kile. Kinachobeba kalori nyingi jikoni kwetu bila kuonekana ni mafuta na tui. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori 120. Leo ukipika, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Mimina kwanza kama kawaida yako kwenye kikombe kitupu, kisha pima kwa kijiko uone umetia vingapi. Wengi hujikuta kwenye vijiko sita au saba kwa sufuria moja ya mchuzi, na hapo nazi bado. Tui zito kikombe kimoja lina kalori zaidi ya 400. Sikuambii uache nazi, mtu wa Tanga huwezi kumwambia hivyo. Pika kwa tui la pili, la kwanza tia vijiko viwili mwishoni kwa ladha, na siku ya mchuzi wa nazi usikaange samaki, mchome au umchemshe.

Hakikisha kila mlo una kitu cha kujenga mwili: mayai mawili asubuhi badala ya maandazi, dagaa, samaki, maharage, choroko, kuku aliyetolewa ngozi. Protini hushibisha muda mrefu, na hulinda misuli unapopungua. Usiku kula mapema, nusu ya sahani iwe mboga. Ukipunguza kama kalori 500 kwa siku kutoka kwenye ulaji wako wa sasa, utashuka takriban nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha mwendo utapungua kwa kuwa mwili mdogo huhitaji chakula kidogo. Hilo huwapata wote, wenye tezi na wasio na tezi. Usijipe lengo la kurudi 68 kwa mkupuo. Ukishuka kilo 4 hadi 8, yaani kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wako, shinikizo la damu, sukari na magoti vitaanza kukushukuru.

Kuhusu kabichi na sukuma wiki, nasikitika umejinyima chakula kizuri na cha bei nafuu bila sababu. Ni kweli mboga za jamii hiyo zina viini vinavyoweza kuizuia tezi isitumie madini joto (ayodini), ambayo ndiyo hutengenezea homoni zake, lakini hilo huleta shida pale mtu anapokula mbichi kwa wingi mno huku madini joto yakiwa haba kwenye chakula chake. Kuzipika hupunguza sana viini hivyo. Nadhani hofu hii ina mizizi katika historia yetu. Zamani rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, lilikuwa jambo la kawaida katika maeneo ya milimani, hasa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu udongo ule ni haba wa madini joto. Katika miaka ya 1980 na 1990 watu waligawiwa hadi vidonge vya mafuta yenye madini hayo, kisha chumvi ya dukani ikaanza kuongezewa. Wazee waliobaki na kumbukumbu hiyo huona kila tezi ni ya kukosa madini joto. Yako, kwa umri wako na kama unatumia chumvi ya pakiti, huenda imetokana na kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, jambo linaloonekana zaidi kwa wanawake. Aina hiyo haiponi kwa kuongeza madini joto, na yakizidi yanaweza kuichafua zaidi. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Kwa hiyo ukiletewa unga wa mwani, uwe wa Pemba au wa nje, kwa jina la dawa ya tezi, ukatae. Kiasi cha madini joto kilichomo kwenye mwani hutofautiana mno.

Ile chai ya kupunguza mwili nayo usiinunue. Nyingi zina majani ya kuharisha. Unapungua maji na choo, mizani inashuka, kesho yake imepanda. Kuharisha kwenyewe kunaweza kupunguza ufyonzwaji wa dawa yako. Baadhi ya bidhaa za aina hii zimekutwa duniani kote zikiwa zimechanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo, na mnunuzi haandikiwi popote kwamba imo. Kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito zinazosemwa sana siku hizi, hizo ni dawa halisi na kuna wanaofaidika, lakini huandikwa na daktari baada ya uchunguzi. Mwenye saratani ya tezi ya aina ya medula, au mwenye ndugu wa damu aliyeipata, haruhusiwi kuzitumia.

Mazoezi yasianze kwa kishindo. Kwa TSH ya 11 misuli yako inauma kweli, si uvivu, na ukijilazimisha kukimbia wiki ya kwanza utaumia na kuacha. Anza na dakika kumi za kutembea baada ya mlo wa mchana, na kumi jioni jua likipoa. Homoni zikianza kukaa sawa, utajikuta unaongeza mwenyewe bila kujisukuma, hadi ufike dakika 150 kwa wiki. Siku mbili kwa wiki fanya kazi ya misuli: simama na ukae kwenye kiti chako cha cherehani mara kumi bila kushika meza, pumzika, rudia. Beba dumu la lita tano kila mkono utembee uani. Na kazi ya kukata vitambaa ifanye umesimama.

Mizani itakudanganya mara nyingi, hasa mwanzoni maji yakitoka na misuli ikirudi. Wewe una futi shingoni siku nzima, itumie. Jipime kiuno kila Jumamosi asubuhi, juu kidogo ya kitovu, ukiwa umetoa pumzi. Andika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wako mwenyewe. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 88 kinaambatana na hatari kubwa ya kisukari na magonjwa ya moyo, na kila sentimita inayoshuka kutoka ulipo ina thamani hata kilo zikigoma.

Siku ya kupima TSH, toa damu asubuhi kabla ya kumeza kidonge, na omba wakupimie pia wingi wa damu, sukari na lehemu (kolesteroli), kwa kuwa tezi iliyolegea hupandisha lehemu na inaweza kupunguza damu. Ikirudi bado iko juu ya kiwango ingawa umemeza ipasavyo, hapo ndipo daktari ataongeza dozi, kwa kawaida mikrogramu 12.5 au 25 kwa hatua, na mtasubiri tena wiki sita hadi nane. Ikirudi chini ya 0.4, dozi imezidi na itapunguzwa. Na hata kabla ya siku hiyo, moyo ukianza kwenda mbio umekaa tu, au kifua kikabana, usingoje tarehe ya kipimo. Nenda hospitali, na pakiti ya dawa uwe nayo mkononi.